Damu kichwani: aliyeanguka na asiyeanguka

SWALI: Baba mdogo alianguka kutoka kwenye mchikichi hapa Ujiji. Alizimia kidogo, akazinduka, akarudi nyumbani kwa miguu. Baada ya saa tatu hivi akatapika, akalala akikoroma, hakuamshika. Tukaambiwa damu imevuja kichwani. Mama, mgonjwa wa presha, naye aliambiwa hivyohivyo mwaka jana bila kuanguka popote. Ni ugonjwa mmoja?

JIBU: Hapana. Cha kuuliza ni damu imekaa wapi.

Ulivyoeleza, ya baba mdogo inafanana na damu iliyo kati ya fuvu na utando mgumu wa nje unaofunika ubongo. Mfupa wa panja ni mwembamba, na kwa ndani imepita ateri; mfupa ukivunjika, ateri huchanika. Utando umeshikamana na fuvu, hivyo damu huubandua taratibu, na muda huo mtu huonekana mzima. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Mboni moja ikipanuka kuliko ya pili, saa ya upasuaji imefika.

Damu ikikaa chini ya utando huo, aghalabu imetoka kwenye vena, nayo huenda polepole. Kwa mzee au mlevi ubongo umesinyaa na vena zimevutika, kwa hiyo hata kujigonga mlangoni kunatosha. Wiki tatu baadaye anayumba na kusahau, watu wanasema uzee.

Ya mama huenda ilikuwa ndani ya nyama ya ubongo: presha ya miaka imechosha mishipa midogo, mmoja ukapasuka, upande wa mwili ukalegea. Hicho ni kiharusi cha kuvuja. Kwa macho hakitofautiani na cha kuziba, kwa hiyo msimpe mtu aspirini kabla ya CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, ambako damu mbichi huonekana nyeupe.

Kuna pia kivimbe cha ateri kinachopasuka chini ya utando wa araknoidi, ule wa kati unaofunika ubongo: kichwa huuma ghafla kupita kiasi, kisha shingo hukakamaa.

Aliyezimia baada ya kuanguka apelekwe hospitali ya Maweni siku ileile, hata akicheka. Msimpakie mshikaki kwenye bodaboda, shingo itayumba. Tafuteni gari, alale, kichwa na shingo vishikwe vimenyooka. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja. Asile wala asinywe. Andikeni saa aliyoanguka na saa aliyobadilika, na mbebe dawa zake zote, hasa kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.