Maswali ya Wasomaji: Kadi Bado Hai, Dozi Imekwisha

SWALI: Ndugu Mfamasia, pokea salamu zangu kutoka Jacksonville, Florida. Nina umri wa miaka 58 na nilitibiwa saratani ya matiti miaka mitatu iliyopita. Ugonjwa wenyewe umetulia, lakini tibakemia iliniachia maumivu ya neva miguuni ambayo hayajaniacha hadi leo. Tarehe 10 Januari daktari mmoja wa Orlando alinipima ana kwa ana, akaniandikisha, na tarehe 24 mwezi huohuo nikakubaliwa kupata kadi ya bangi ya tiba. Natumia matone ya mafuta chini ya ulimi kila usiku. Wiki iliyopita, katikati ya Agosti, nilikwenda dukani nikaambiwa kwamba kibali cha daktari kimekwisha na siwezi kuuziwa chochote, ilhali kadi niliyoishika mkononi inasema mwisho wake ni Januari mwakani. Je, nimedhulumiwa? Na kwa kuwa sasa nimehamia mbali na Orlando, naweza kufanya upya kwa video bila kusafiri na miguu hii? – Mama M.

JIBU: Mama, pole sana kwa maumivu hayo. Hukudhulumiwa, ingawa naelewa kwa nini umehisi hivyo, kwa sababu hakuna mahali kwenye kadi panapokuambia kwamba umebeba tarehe mbili za mwisho na si moja.

Tuanze na kadi yenyewe. Wengi huiita cheti cha dawa, lakini sivyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu dawa zinazodhibitiwa iliiweka bangi katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo daktari haruhusiwi kuviandikia cheti cha dawa cha kawaida. California ilipofungua njia mwaka 1996 kwa kura ya wananchi, swali likawa daktari afanye nini bila kupoteza leseni, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao San Francisco ikaamua kwamba daktari hawezi kuadhibiwa kwa kumpendekezea mgonjwa bangi, kwa kuwa pendekezo ni maneno na maneno yanalindwa na katiba. Majimbo mengi yakajenga mifumo yao juu ya msingi huo: daktari anathibitisha kwamba hali yako inaingia katika sheria ya jimbo, jimbo linakuandikisha, nawe unanunua katika duka lenye leseni ya jimbo badala ya famasia. Florida iliingia kikamilifu mwaka 2016, wapiga kura asilimia 71 walipokubali.

Kwa hiyo una vitu viwili mkononi. Kimoja ni kadi, ambayo hutolewa na ofisi ya bangi ya tiba iliyo chini ya Idara ya Afya ya Florida, hudumu mwaka mmoja, na ada yake ni dola 75 kila mwaka. Cha pili ni uthibitisho wa daktari, ambao hauonekani kwa macho kwa kuwa umo ndani ya daftari la kielektroniki la jimbo, na sheria inamtaka daktari akutathmini upya angalau kila baada ya wiki 30. Wiki 30 ni siku 210. Ukihesabu siku hizo kuanzia tarehe 10 Januari, unafika tarehe 8 Agosti, siku chache tu kabla hujaenda dukani. Muuzaji alipofungua jina lako kwenye kompyuta aliona kadi hai na uthibitisho uliokufa, na kadi bila uthibitisho ni kama ufunguo wa nyumba ambayo kitasa chake kimebadilishwa. Ndani ya siku hizo 210 daktari huagiza vipindi visivyozidi vitatu vya siku 70 kwa bidhaa zisizovutwa kama moshi, na kila kipindi kina ukomo wa jumla wa miligramu 24,500 za THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya. Kwa anayetumia matone machache usiku ukomo huo ni mbali mno, kwa hiyo naamini kilichokuzuia ni tarehe wala si kiasi.

Sasa video. Florida hairuhusu mtu kuanza kwa video, bali inaruhusu kuendelea. Wakati wa korona amri ya dharura iliwaruhusu wagonjwa wa zamani kupimwa kwa simu, ikakoma mwaka 2021, na kwa takribani miaka miwili watu wenye hali kama yako walilazimika tena kujikokota hadi kliniki kila baada ya miezi saba. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023 ilirudisha nafuu hiyo, safari hii kwa kudumu, lakini kwa sharti moja ambalo watu wengi hulisoma harakaharaka: anayekupima kwa video lazima awe daktari yuleyule aliyekwisha kukupima ana kwa ana na kukuthibitisha. Daktari wako wa Orlando anafaa kabisa. Kuhamia kwako Jacksonville hakubadilishi kitu, maana leseni yake ni ya jimbo zima. Ila siku ya miadi uwe ndani ya Florida, usimpigie ukiwa umekwenda kumsalimia mwanao Georgia, kwa sababu huduma ya tiba mtandao huhesabiwa kuwa imetolewa pale alipo mgonjwa wakati huo. Kama daktari huyo amestaafu au amehama, basi yeyote atakayempokea nafasi atakutaka uende kwake ana kwa ana mara ya kwanza, na baada ya hapo ndipo mtarudi kwenye video.

Nimewahi kukaa kando ya ndugu yangu katika miadi ya namna hii, na nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu kulikuwa na kosa ambalo halikuwa la mtambo. Alishika kitambulisho karibu na kamera mpaka kikaonekana, akajibu maswali ya tarehe ya kuzaliwa na anwani, kisha daktari akamwuliza maumivu yakoje. Akajibu, kwa adabu zetu zilezile, kwamba "naendelea vizuri, namshukuru Mungu". Daktari akaandika. Nilimwona akiandika kwamba mgonjwa yuko vizuri! Ikabidi nimkanyage mguu chini ya meza. Daktari anayekuona kupitia kioo cha simu haoni unavyoinuka kitini wala unavyovaa viatu. Anachopata ni maneno yako tu, na uthibitisho wako unategemea maneno hayo. Mweleze kama maumivu yanawaka moto, yanachoma kama sindano, au ni ganzi. Yanakuamsha saa ngapi. Ulikuwa unalala saa ngapi kabla ya kuanza matone na sasa unalala saa ngapi. Kwa hali yako kuna jambo la kisheria pia: Florida inakubali maumivu sugu pale tu yanapotokana na ugonjwa uliotajwa katika sheria, na saratani imetajwa, hivyo sema waziwazi kwamba ganzi na moto wa miguu vilianza na tibakemia. Usiseme tu "miguu inaniuma", kwani hiyo peke yake haijitoshelezi.

Panga chupa za dawa zako zote mezani kabla ya kupiga simu. Daktari analazimika kuangalia daftari la jimbo la dawa zinazodhibitiwa, lakini daftari hilo halina dawa zako za presha wala za kuzuia damu kuganda. Hapa nasema kama mfamasia na si kama karani wa sheria: mtu anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia damu kuganda, akianza THC au CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, anaweza kupata ongezeko la hatari ya kutokwa na damu, na kipimo chake cha damu kinahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Wengi huificha bangi kwa daktari wao wa saratani na kuzificha dawa za saratani kwa daktari wa bangi, wakabaki wao peke yao ndio wanaojua mwili wao umebeba nini.

Kuhusu fedha, ujue kwamba Medicare na Medicaid, yaani bima za afya za serikali, hazilipii uthibitisho, kadi wala matone yenyewe. Ada ya daktari hupangwa na kliniki, kwa hiyo uliza kabla ya miadi kama bei ya kufanya upya ni sawa na ile ya mara ya kwanza, na kama ile dola 75 ya jimbo imo ndani yake au utailipa mwenyewe. Mara nyingi haimo.

Ukithibitishwa wiki hii, uthibitisho mpya utaishia mwezi wa Machi, na kadi itaishia tarehe 24 Januari. Tarehe hizo hazitakutana hivi karibuni, basi ziandike zote mbili kwenye kalenda ya ukutani. Maombi ya kufanya upya kadi hufunguliwa siku 45 kabla ya mwisho wake, ambayo kwako ni tarehe 10 Desemba. Ingia siku hiyo, au umwombe mwanao akuingizie, na kwanza mbadilishe anwani iliyomo kwenye akaunti, isije kadi mpya ikapelekwa kwenye nyumba uliyoihama.

SWALI: Kaka, mimi ni dereva wa trela hapa Tampa, nina leseni ya udereva wa kibiashara na kadi ya ukaazi wa kudumu, na mwakani natarajia kuomba uraia. Tangu nishuhudie ajali mbaya barabarani silali, na mtaalamu amesema nina msongo wa baada ya kiwewe. Mwenzangu ananishauri nitafute kadi ya bangi kimyakimya, niende kliniki mara moja kisha niendelee kwa video, kazini wasijue. – Dereva asiyelala

JIBU: Ndugu yangu, ugonjwa wako umetajwa katika sheria ya Florida, kwa hiyo daktari anaweza kukuthibitisha bila kuvunja sheria yoyote ya jimbo. Hata hivyo, ushauri wa mwenzako uukatae.

Dereva mwenye leseni ya kibiashara hupimwa kwa kanuni za Idara ya Uchukuzi ya Marekani, na idara hiyo imeeleza mara nyingi kwamba kadi ya bangi ya tiba haikubaliki kama sababu halali ya kukutwa na bangi mwilini. Daktari anayepitia majibu ya vipimo hataki kuiona kadi yako. Matokeo huingizwa katika hazina ya taarifa ya shirikisho kuhusu vipimo vya madereva, iliyoanza kazi Januari 2020, unaondolewa kwenye usukani mara moja, na tangu tarehe 18 Novemba 2024 majimbo yanalazimika kuishusha daraja leseni ya kibiashara ya dereva aliyefungiwa humo mpaka amalize utaratibu wa kurudi kazini. Hata mafuta ya CBD yanayouzwa vituo vya petroli usiyaamini, maana baadhi yana THC nyingi kuliko kibandiko kinavyosema, na udhuru wa "nilitumia CBD tu" nao haukubaliwi.

Upande wa uraia ni mgumu zaidi, na hapa ndipo neno "kimyakimya" linaponitia wasiwasi. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba matumizi ya bangi, hata pale jimbo linapoyaruhusu, yanaweza kumnyima mwombaji sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia. Hapahitajiki hukumu ya mahakama. Kukiri mwenyewe katika usaili kunaweza kutosha. Na kusema uongo katika usaili ni kosa jingine, pengine baya kuliko la kwanza. Kabla ya kupimwa na daktari yeyote wa bangi, ana kwa ana au kwa video, kaa na wakili wa uhamiaji, si rafiki aliyepata uraia wake zamani.

Usingizi nao una tiba nyingine. Tiba ya mazungumzo iliyolenga kiwewe ina ushahidi mzuri, inapatikana kwa video, na hakuna anayekupima mkojo kwa ajili yake. Mwombe huyo mtaalamu aliyekutambua ugonjwa akupeleke huko, na mwambie bila kuona haya kwamba unaendesha trela usiku bila kulala, kwa sababu hilo ndilo linalonitisha kuliko yote uliyoandika.

SWALI: Tovuti moja inaniahidi kadi mpya ya Florida kwa dakika kumi za video, na fedha zangu kurudishwa nisipokubaliwa. Sijawahi kuwa na kadi. Niiamini? – Msomaji, Miami

JIBU: Hapana. Kwa mgonjwa mpya wa Florida uchunguzi wa kwanza ni wa ana kwa ana, na anayekuahidi kinyume chake ama anauza huduma ya jimbo jingine lenye sheria nyingine, ama anauza karatasi. Pennsylvania, kwa mfano, inaruhusu hata uthibitisho wa kwanza kwa njia ya mtandao, na matangazo ya huko huonekana kwenye simu ya mtu wa Miami bila mipaka.

Kabla ya kumlipa yeyote, fungua tovuti ya ofisi ya bangi ya tiba ya jimbo lako, nenda palipo na orodha ya madaktari waliosajiliwa, na andika jina la daktari unayeahidiwa. Jina lisipokuwapo, funga ukurasa. Likiwapo, pigia simu kliniki yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize mlango uko mtaa gani na anaona wagonjwa wapya siku zipi.