Usiihamishe riwaya yako kutoka Kibaigwa

Mkuu, umeuliza kama riwaya yako ya kipelelezi uipeleke New York, kwa kuwa rafiki yako kasema Kibaigwa, mji wa soko la mahindi mkoani Dodoma, hakuna kinachotokea. Usiipeleke. Huyo rafiki amewahi kushinda pale sokoni msimu wa mahindi? Malori yanapakia, madalali wanavutana bei, watu wanahesabu noti juu ya magunia, na mgeni hakosi wa kumuuliza katokea wapi. Hapo dereva akitoweka na mzigo, sura ya kwanza unayo. New York utaiandika kwa kubahatisha, na msomaji atakushtukia mapema tu.

Ukitaka purukushani, tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma. Mtie muuaji na anayemsaka behewa moja, hakuna wa kushuka kabla ya kituo. (Mapigano ya bastola mimi huyaruka, lakini hilo ni langu.)

Wanaosema riwaya pendwa, hizi za burudani kama za upelelezi, si sanaa, achana nao. Ila punguza wahusika, ukurasa wa kwanza una majina kama daftari la mahudhurio. Kuhusu muda, andika alfajiri kabla hujafungua duka. Usiku utaishia kuchezea simu.