Kukwepa adhabu au kunusurika?

Umeuliza kama karani wa chama cha msingi cha korosho kule Newala, aliyeshtakiwa kwa wizi kisha mahakama ikamwona hana hatia, anaweza kuandikwa "amekwepa adhabu". Hapana, usiandike hivyo. Kukwepa kuna nia na ujanja ndani yake: mtu anajua kosa lake, anatoroka dhamana, anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ukimwandikia hivyo aliyeshinda kesi, umemhukumu upya, na anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina.

Kunusurika nako hakumfai. Aliyenusurika adhabu ilimkaribia, akaokolewa na bahati au na mtu mwingine, kwa hiyo msomaji atadhani kosa lilikuwepo. Kitenzi hicho kifuatishe jina au kitenzi-jina: "amenusurika kifungo", "amenusurika kufungwa". Anayemwokoa ndiye humnusuru.

Aliyesamehewa ni mwingine kabisa, maana hatia yake imeshathibitishwa. Rais hutoa msamaha huo kwa ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Kwa karani wako andika "ameachiwa huru", na sababu ya mahakama iwe katika sentensi hiyohiyo.