Chukua i5-12400, ila isiwe na F
Mkuu, umeuliza kati ya prosesa za Ryzen 5 5600 na Core i5-12400 ipi ya kurenda video za harusi kwa bajeti ndogo bila kadi ya grafiki. Chukua i5-12400 ila angalia sana mwisho wa jina isiwe na herufi F, maana yenye F haina grafiki ya ndani na utakosa Quick Sync (sehemu ya grafiki ya Intel ya kukonveti video), hiyo ndo inakonveti video kwenda H.264 na HEVC, yaani fomati za kubana video, fasta huku prosesa imetulia. 5600 nayo ni kori 6 thredi 12 kama mwenzake, kwa x264 (programu ya kubana video kwa nguvu ya prosesa yenyewe) inapiga kazi vizuri, shida bila kadi hata picha haitoi. Mimi niliuziwa yenye F nikaambiwa ni ileile, kufika nyumbani monita nyeusi tii, iliniuma sana aisee. Halafu video ya kumkabidhi mteja renda na x264 usiku, inachelewa kuliko Quick Sync lakini faili linakuwa dogo kwa ubora uleule.