Kutoa Upepo kwenye Breki za Pikipiki Ukiwa Peke Yako

Barabara inayoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa takriban kilometa 33, na sehemu kubwa yake ni kona zilizochongwa ubavuni mwa mlima, mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Kazi yangu ya ugani hunipandisha Usambara mara kwa mara kutoka Tanga. Siku moja, nikiwa narudi na gunia la mbegu za viazi nyuma ya kiti, nilibana mkono wa breki ya mbele nikaukuta umelainika. Ulikuja hadi karibu kugusa mshikio, na pikipiki ikaendelea kushuka kana kwamba sikuwa nimeshika kitu. Nilirudisha gia, nikaubana upesi upesi mara tatu, breki ikakamata kidogo, nikafanikiwa kusimama kando. Baada ya kukaa hapo kama nusu saa diski ilipoa na mkono ukarudi kuwa mgumu, nikashuka taratibu hadi Mombo nikimtafuta fundi.

“Kaka, pedi zako ni nzima,” aliniambia baada ya kuchungulia. “Mafuta ndiyo yamechoka. Yamechemka huko mlimani.” Akanionyesha kidirisha cha kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani: mafuta yaliyopaswa kuwa na rangi ya asali nyepesi yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Nilijua kwamba yalihitaji kubadilishwa, na nilikuwa nimeahirisha kwa zaidi ya mwaka mzima. Sababu ilikuwa moja tu. Kijana wangu, ambaye siku zote ndiye aliyenibania mkono wa breki wakati mimi nikifungua na kufunga skrubu kule chini, alikuwa amekwenda shule ya bweni, na kazi inayohitaji watu wawili haifanyiki kwa wakati nyumbani kwenye mtu mmoja. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu kuhusu skrubu za kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, zenye vali ya njia moja, ambazo nimezitumia tangu safari hiyo.

Kwanza ieleweke kwa nini mafuta haya huchoka hata kama hayavuji. Mafuta ya aina ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hupenya taratibu kupitia mfuniko wa kikopo na hata kupitia paipu za mpira. Mafuta mapya ya DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishabeba maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango cha chini kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Ukishuka mlima mrefu huku umebana breki, joto la diski hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta, na maji yaliyomo hugeuka mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke na hewa hubanwa. Hivyo nguvu ya mkono wako huishia kuminya mapovu badala ya kusukuma pedi. Sisi wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, hatupaswi kabisa kuzidisha ile miaka miwili ambayo vitabu vingi vya pikipiki hutaja. Mimi hubadilisha kila mwaka.

Nisisitize jambo moja linalotokana na jina lenyewe. Tunayaita mafuta ya breki, na jina hilo limewaponza wengi wakaongezea mafuta ya injini au ya hidroliki pale kikopo kilipopungua. Mpira wa ndani ya masta (pampu ndogo ya breki kwenye usukani) na ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hauvumilii mafuta ya aina hiyo. Huvimba na kuharibika, na breki inaweza kung’ang’ania au kukosekana kabisa. Soma maandishi juu ya mfuniko wa kikopo na uweke kilichoandikwa hapo. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo nyingine hata kidogo, ingawa jina lake linakaribia kufanana na la DOT 5.1.

Sasa tuje kwenye skrubu. Skrubu ya kawaida iliyo juu ya kalipa ni bomba dogo lenye ncha ya pia. Ukiilegeza, njia inafunguka pande zote mbili: ukibana mkono wa breki mafuta hutoka, na ukiuachia kabla skrubu haijafungwa, masta huvuta hewa kurudi ndani. Ndiyo sababu ya ule wimbo wa kazi tunaoufahamu wa “bana, shikilia, nafungua, nafunga, achia”, na ndiyo sababu mtu wa pili akiwahi kuachia kwa sekunde moja tu mnaanza upya. Skrubu yenye vali ina gololi ndogo na springi ndani ya tundu lake. Msukumo wa mafuta huisogeza gololi na kupita. Mkono unapoachiwa springi huirudisha gololi mahali pake na kuziba. Unafungua skrubu mara moja, unapanda kwenye usukani, unabana na kuachia mara nyingi utakavyo, kisha unafunga. Hakuna anayehitajika chini.

Kabla ya kuagiza, jua uzi wa skrubu yako, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kalipa nyingi za Kijapani, zikiwemo zile za Honda CRF250L yangu, hutumia skrubu ya milimita 8 yenye uzi wa 1.25, yaani umbali wa milimita 1.25 kutoka jino hadi jino; za Brembo nyingi ni milimita 10 yenye uzi wa 1.0, na zipo za milimita 7. Kama huna kipimo, chomoa skrubu moja, safisha, uilaze ubavuni mwa bolti ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 8, nyuzi zikitazamana, kisha uziinue kwenye mwanga. Uzi wa 1.25 ndio uzi wa kawaida wa bolti ya ukubwa huo, kwa hiyo meno yakikaana bila kuacha upenyo hata pembeni, umepata jibu. Linganisha pia urefu, maana skrubu fupi haitafika kwenye kiti chake ikaziba. Dukani kwetu sikuzipata. Niliagiza kutoka nje kupitia rafiki aliyekuwa anasafiri.

Ukizishika mkononi utaona nyuzi zake zimepakwa utando mkavu wenye rangi. Usiukwangue ukidhani ni uchafu. Skrubu ikiwa imelegezwa, nyuzi zenyewe huwa na upenyo, na mkono wa breki ukirudi hewa inaweza kunyonywa pembeni mwa nyuzi hata kama gololi imeziba vizuri. Utando huo ndio unaozuia hewa kuingia na mafuta kuchuruzika. Nawaambia hivi kwa uhakika kwa sababu mara ya kwanza nilizisafisha skrubu mpya kwa brashi ya waya, nikashinda nusu siku nikiona mapovu madogo yasiyoisha. Utando ukishachakaa baada ya kuchomoa na kurudisha mara kadhaa, upake upya dawa ya kuzibia nyuzi isiyoyeyushwa na mafuta ya breki, na isifike kwenye ncha wala kwenye tundu.

Kuchomoa skrubu ya zamani ni kazi ya subira. Hewa ya chumvi huzigandisha, na zina tundu katikati, hivyo hukatika kwa urahisi. Mwagia dawa ya kulegeza kutu jioni, ukiikinga diski isiguswe, na asubuhi igonge skrubu kidogo kwa nyundo ndogo kabla ya kuweka spana. Tumia spana ya ringi yenye pembe sita, kwangu namba 8. Spana ya mdomo wazi itazila pembe zake. Ikikataa kabisa, mwache fundi mwenye vifaa vya joto aishughulikie, kwa sababu skrubu iliyokatikia ndani ya kalipa ni gharama nyingine kabisa.

Siku ya kazi yenyewe, simamisha pikipiki kwenye stendi na ugeuze usukani mpaka kikopo kilale sawa. Funika tangi na mapambo kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa maana mafuta haya hula rangi. Likidondoka tone, lisuuze kwa maji mengi papo hapo badala ya kulipangusa tu. Fungua mfuniko kwa bisibisi inayokaa barabara, toa kiwambo cha mpira kilicho chini yake, vuta mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, futa matope yaliyotulia chini, kisha jaza mapya. Kuyatoa ya zamani juu kwanza hukuepusha kuyasukuma yote kupitia paipu.

Chini, vaa spana kwenye skrubu kwanza, ndipo uchomeke mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa maji, ila uwe wa kubana vizuri. Upandishe kidogo kabla ya kuushusha kwenye chupa, ili mapovu yapande yenyewe na uyaone. Legeza skrubu robo mzunguko. Ikihitajika fika nusu, lakini usizidi. Kisha bana mkono wa breki polepole hadi mwisho, tulia kidogo, achia polepole. Kubana kwa pupa hupasua povu moja kubwa likawa madogo mengi yanayong’ang’ania kwenye kuta za paipu.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni kikopo. Ni kidogo, na mibano sita tu inaweza kukikausha; vali haijui kwamba juu kumekwisha mafuta, itaendelea kupitisha chochote unachosukuma. Mimi huongeza kila baada ya mibano mitano bila kungoja kuona kimepungua. Endelea mpaka mafuta yanayopita kwenye mpira yawe na rangi ile ile ya yaliyo kwenye chupa mpya, bila povu hata moja kwa mibano kumi mfululizo. Funga skrubu huku mkono umebanwa kidogo. Skrubu nyingi za ukubwa huu hutaka niutoni-mita 5 hadi 8 tu, nayo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Ikiwa mkono bado una ulaini kidogo, usidhani vali imeshindwa. Mara nyingi povu limekaa pale juu kabisa, paipu inapoungana na masta, na mafuta yanayoelekea chini hayawezi kulishusha. Acha mfuniko wazi, ugonge mkono wa breki kwa kidole mara nyingi nyingi, kwa mwendo mfupi usiozidi sentimita moja, utaona vipovu vidogo vikichomoza kwenye tundu la chini ya kikopo. Ninafurahi kila mara ninapoviona. Kisha rudisha mfuniko, bana mkono kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uache ulale hivyo. Asubuhi nikifungua ukanda na kugonga tena, kwangu mkono umekuwa mgumu zaidi karibu kila mara.

Breki ya nyuma ni hivyo hivyo, ila kikopo chake kimejificha ubavuni na hukauka mapema zaidi. Kama skrubu ya kalipa haielekei juu kabisa, fungua kalipa itoke kwenye diski, weka kipande cha ubao katikati ya pedi ili pistoni zisitoke, uinamishe mpaka skrubu iwe sehemu ya juu kuliko zote, ndipo uendelee. Wenye pikipiki za ABS, mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukibana breki kwa nguvu, wajue kwamba hewa iliyoingia kwenye kitengo cha ABS inaweza kugoma kutoka kwa njia hii. Hapo inahitajika mashine ya kukiamsha kitengo hicho, na si kazi ya uani.

Gololi ni ndogo, na chembe moja ya mchanga ikikaa chini yake vali haizibi tena. Kwa hiyo rudisha kifuniko cha mpira juu ya skrubu kila unapomaliza. Kikipotea, nunua kingine kabla ya kuingia barabarani. Kabla ya kuanza kazi mwaka unaofuata, futa kichwa cha skrubu, na ukiwa umeifungua bana na uachie mara moja huku ukitazama mpira: mafuta yakirudi nyuma ndani yake, vali hiyo imekwisha, ibadilishe.

Jaribio la kwanza lifanyike uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, baada ya kubana mkono kwa nguvu zako zote kwa dakika nzima na kuhakikisha hausogei wala hakuna unyevu kwenye skrubu. Mafuta yaliyotoka usiyamwage mtaroni. Mimi huyapeleka gereji inayokusanya mafuta machafu, yakiwa kwenye chupa yake peke yake. Nunua chupa ya mililita 500 au chini, kwa kuwa iliyofunguliwa huanza kunyonya unyevu siku hiyo hiyo na haifai kutunzwa hadi mwaka ujao. Chini ya kiti cha pikipiki yangu nimebandika kipande cha plasta ninachoandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na fundi wa Mombo, nilipopita tena mwaka uliofuata, alichungulia kidirisha akaona rangi ya asali, akanirudishia funguo.