Hodgepodge ni mseto, ila wa ovyo

Umeuliza neno la Kiingereza "hodgepodge" maana yake nini na limetoka wapi. Ni mchanganyiko wa vitu visivyoendana, vilivyorundikwa pamoja bila mpango. Asili yake ni jikoni: Kifaransa cha kale kilikuwa na hochepot, yaani hocher, kutikisa, na pot, chungu. Nyama na mboga zinatiwa humo, zinatikiswa, zinaiva pamoja. Waingereza wakalivuta kwa vina likawa hotchpotch, na bado wanalitumia. Wamarekani wamezoea hodgepodge.

Kinachonivutia zaidi ni neno hili lilivyotumika mahakamani. Katika sheria ya mirathi ya Uingereza, hotchpot ilikuwa kurudisha kwenye fungu moja alichokwisha kupewa mtoto mzazi akiwa hai, ndipo mali igawanywe sawa. Binti aliyepewa shamba siku ya ndoa, shamba hilo lilihesabiwa kwanza.

Wengi watakwambia Kiswahili chake ni "mseto", na kweli nalo limetoka chunguni, wali na choroko, hadi likafika kwenye serikali ya mseto. Lakini mseto umekusudiwa. Mimi ningesema "mchanganyiko holela", na fujo ikizidi, "mchafukoge".