Orodha za vitabu vya LGBTQ za wakutubi: namna ya kuzitumia ukiwa Uganda

Kila mwaka wakutubi wa Marekani wanatoa orodha zao za vitabu vya LGBTQ vya kusoma (yaani vya wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao), na kila mwaka kuna mtu ananiingia inbox kuuliza, sasa dada mimi niko huku Uganda, hivyo vitabu navipata wapi, na nikienda maktaba naulizaje bila kujiletea matatizo? Nimejitolea sana kwenye maktaba za jamii huku kwetu, nimekaa upande wa msomaji na upande wa meza, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa mkupuo. Mimi si wakili, haya ni ya mtu anayejua rafu.

Tuanze na hizo orodha zenyewe. Chama cha Maktaba cha Marekani, ALA, kina wakutubi waliojikusanya kwa ajili ya mambo haya tangu 1970, na tuzo yao ya Stonewall ilianza 1971, siku ambazo hata huko kwao kitabu cha namna hii ukikiulizia unaangaliwa vibaya. Orodha ya watoto na vijana, Rainbow Book List, ilianza 2008, na ya watu wazima inaitwa Over the Rainbow. Uzuri wake ni kwamba wakutubi wanakaa kamati wanavisoma vitabu wenyewe, halafu kila kimoja wanakiandikia maelezo mafupi. Hayo maelezo ndiyo mali. Usiichukue orodha nzima kama orodha ya kununua maana utafilisika bure, na vingi vinahusu mtoto wa shule ya huko anayehangaika nani aende naye dansi, mambo ambayo kwa mtu wa Katwe au Malaba hayagusi kihivyo. Na usidhani wenzetu wamefika peponi pia, mwaka 2023 ALA walihesabu vitabu 4,240 ambavyo watu walitaka viondolewe maktaba, na sehemu kubwa ni vya LGBTQ na vya watu weusi.

Sasa huku kwetu. Sheria ya Kupinga Ushoga Museveni aliitia saini Mei 2023, na kwa mambo ya vitabu kipande kinachotuhusu ni kile cha "kukuza" ushoga. Anayechapisha, anayetangaza, anayesambaza, kifungo kinafika miaka 20. Taasisi ikikutwa na kosa hilo faini inaenda mpaka shilingi bilioni moja na leseni inaweza kusimamishwa miaka 10. Bilioni! Maktaba ya jamii ambayo hata bili ya umeme inalipwa kwa michango, unategemea mkutubi akubandikie kibao cha "vitabu vya LGBTQ"? Kwa hiyo ukiona mkutubi amekukaushia usimchukie haraka, huenda hana ubaya wowote, ana familia na ana bosi. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria lakini ikafuta vifungu vichache, kimojawapo kile cha 14 kilichomlazimisha mtu kuripoti wenzake. Hiyo ni nafuu, ila kukuza bado kupo pale pale.

Mimi ushauri wangu mkubwa ni huu: shida kubwa haiko kwenye kusoma, iko kwenye alama unazoacha ukisoma.

Chukua rejista. Maktaba nyingi ndogo bado hazina kompyuta ya kuazimisha, kuna kaunta buku limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la kitabu, jina lako, kijiji, namba ya simu, sahihi. Halafu linakaa wazi mezani na kalamu imefungwa kwa uzi, mtu yeyote anayekuja kuazima anasoma ukurasa mzima huku anasubiri zamu yake. Jirani yako anajua ulichoazima kabla hujafika nyumbani. Kwa hiyo kitabu chochote ambacho hutaki jina lako lilale karibu nacho, kisomee pale pale. Kaa nacho mezani, weka kingine juu, ukimaliza usikirudishe rafuni mwenyewe kama huna uhakika na nafasi yake, kiache kwenye meza ya vitabu vilivyosomwa. Hakuna anayeandika hivyo.

Na kuuliza je? Usiulize kwa jina la mada. Uliza kwa aina. "Nna hamu ya hadithi fupi za mapenzi za waandishi wanawake wa Afrika", au "mna washindi wa tuzo ya Caine?", ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Mkutubi anayeelewa ataelewa, asiyeelewa atakupa kitabu kizuri tu, hujapoteza kitu. Kama maktaba inatumia mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, namba ya mambo haya ni 306.76, wewe tembea mwenyewe kwenye 306 kama mtu anayetafuta habari za familia na ndoa, maana navyo vinakaa hapo hapo. Mara nyingi utakuta hakuna kitu, sana sana kitabu cha zamani cha ukimwi kilicholetwa na msaada. Sawa, hamia kwenye hadithi.

Hapo ndo patamu. Watu wanahangaika na orodha za Marekani wakati hadithi yenyewe imeandikwa na Mganda! Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko ilishinda tuzo ya Caine 2007, Mganda wa kwanza kuishinda, na ni mapenzi ya wasichana wawili, Anyango na Sanyu, kwenye zile nyumba za Nakawa. Iko ndani ya mkusanyo wa hadithi za mapenzi za Afrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, na si unaona, kwenye katalogi kitabu kinasomeka ni cha mapenzi tu, basi. Msimulizi anaongea na Sanyu moja kwa moja, wewe hivi, wewe vile, na Mama Atim jirani na mdomo wake, banange, huyo kila mtaa tunaye. Zile nyumba zenyewe zilibomolewa 2011, kwa hiyo hata kama kitabu hakikuhusu, soma uone Nakawa ilivyokuwa. Ukitaka ndefu zaidi kuna Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, ya 2015, inaanzia vita vya Biafra kule Nigeria na haikimbilii kumpa msomaji raha. Mimi ile ya Monica naipenda zaidi, kwa ufupi wake na kwa sababu haimhubirii mtu.

Tena Binyavanga Wainaina, Mkenya ambaye mama yake alikuwa wa huku kwetu, aliandika Januari 2014 kile kipande cha kumwambia mama yake ukweli ambao hakuwahi kumwambia mama akiwa hai, kwamba yeye ni shoga. Februari Museveni akasaini sheria ile ya kwanza ya kupinga ushoga, Agosti mahakama ikaifuta kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Ukisoma kipande kile huku unajua hiyo miezi, kinakaa tofauti kabisa.

Kwenye simu: VPN, ile programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa, unayo tayari, nani Kampala hana tangu Facebook ifungwe Januari 2021. Ila VPN haikusaidii kama simu mnatumia wawili au watoto wanaichezea. Futa historia, usidownload PDF ikakaa kwenye folda pamoja na picha za harusi, soma online ufunge. Na hii naomba mnisikie vizuri, usitume faili kwenye grupu la WhatsApp. La ukoo, la kanisa, la msikiti, la chuo, hata la marafiki unaowaamini. Kusoma peke yako ni jambo moja, kuwatumia faili watu thelathini kuna mtu anaweza kuita kusambaza, na screenshot haina dini. Rafiki akitaka, mtajie jina la mwandishi mdomoni, atatafuta mwenyewe.

Na nyinyi wenzangu mnaokaa upande wa meza, hamlazimiki kubandika bendera wala kununua chochote. Msomaji akiuliza jibu kwa sauti ya kawaida, usiite mwenzako aje asikie. Usimuulize ni cha nini. Na lile kaunta buku ligeuzeni liwaangalie nyinyi, funikeni ukurasa kwa kadibodi mtu anaposaini abaki na mstari wake tu, kitabu kikirudi futeni jina kwa wino mweusi uliokoza. Wanaoazima vitabu vya talaka na vya ukimwi watawashukuru pia.